Kozi ya wikiendi ya mawasiliano na wagonjwa wa akili: Jumamosi hela yako inarudi, Jumapili ndo sijui

Kwa manesi wenzangu mnaoulizana kwenye magrupu kama ile kozi fupi ya afya ya akili hapa Dar ina maana au ni cheti tu cha kujazia pointi za CPD (yale mafunzo endelevu ya kazini), mimi nimehudhuria. Jina la waandaaji naliacha maana kuna mahali nitawasema, ila mkiona tangazo la siku mbili, Jumamosi kujitambua na mawasiliano, Jumapili tathmini ya mgonjwa, laki moja na ishirini pamoja na chakula, ndo hiyo hiyo.

Jumamosi kwanza. Mwezeshaji ni mama mtu mzima, kastaafu, kala chumvi nyingi kwenye wadi za akili, hana haraka na slaidi hana kabisa. Alianza na Peplau, yule nesi Mmarekani aliyeandika mwaka 1952 kwamba uhusiano wa nesi na mgonjwa wenyewe ni sehemu ya tiba, sio kitu cha kusindikizia sindano, halafu hapo hapo akamuacha Peplau akatugawia vikaratasi. Andika aina ya mgonjwa ambaye ukisikia kaletwa unaomba apokelewe na mwenzako. Jina lako usiweke. Vikakusanywa, vikachanganywa, akawa anasoma kimoja kimoja kwa sauti. Walevi waliongoza kwa mbali sana, wakafuata mabinti waliokunywa sumu kwa ajili ya mapenzi, af kuna mtu kaandika "wazee wanaofanana na baba yangu" na ukumbi mzima ukawa kimya. Hakutoa hotuba. Alisema tu kwamba mlevi akiingia, kuna kitu ndani yako kinamjibu kabla hujafungua mdomo, na usipokijua hicho kitu basi mgonjwa atakijua yeye, kwa jinsi unavyoshika faili lake.

Hapo ndo akaleta dirisha la Johari, lile la Luft na Ingham la 1955 lenye vyumba vinne: yanayojulikana na wote, unayoyaficha, wanayoyaona wenzako wewe huyaoni, na yasiyojulikana na yeyote. Chuoni tulilikariri tukajibu mtihani tukaendelea na maisha. Huyu mama alikaa kwenye chumba cha tatu tu karibu asubuhi nzima, kila mtu aambiwe na jirani yake anafanya nini usoni akiwa anasikiliza jambo zito. Dada niliyekaa naye aliambiwa anacheka. Alikataa kabisa, akaapa, akarudia igizo, na kweli akacheka tena, maana ndo namna yake ya kuvumilia jambo zito, sasa fikiria mama anakusimulia mwanae alivyokufa na wewe unatabasamu.

Maigizo yenyewe ndo yalikuwa raha. Mmoja mgonjwa, anasema "sista, nimechoka". Basi. Wewe jibu. Majibu mnayajua: pole mama, usijali, muachie Mungu, kuna watu wana matatizo kuliko wewe. Yote tunayatoa kwa nia njema na yote yanamfungia mtu mlango kwa adabu, mgonjwa anajibu "asante sista" na hasemi tena. Mwezeshaji akatufundisha kunyamaza, yaani kukaa kimya kweli bila kubonyeza simu wala kupanga makaratasi, na kama kimya kimezidi unarudisha neno lake lile lile, "umechoka...", unaliacha hewani. Kuna mtu akauliza kwa hiyo Mungu tusimtaje? Jibu lake nimeliandika kwenye jalada la daftari: mgonjwa akimtaja Mungu mfuate huko huko, ila wewe usimtaje ili umalize mazungumzo.

Kingine ni "kwa nini". Kwa nini hukunywa dawa, kwa nini ulimpiga mkeo, kwa nini huli. Mgonjwa anasikia polisi. Ukimuuliza "ilikuwaje mpaka dawa zikakatika" utashangaa, utasikia habari za nauli, za dawa kumfanya alale mpaka bosi amfukuze, za mama mkwe aliyezitupa chooni.

Na shikamoo! Hii kwangu pekee ilitosha kulipia nusu ya hela. Alituambia tuangalie wadini, mzee wa miaka sitini akiwa na presha anaamkiwa vizuri tu, "shikamoo mzee, umeamkaje", mzee huyo huyo akiletwa kwa ugonjwa wa akili ghafla anaitwa "wewe, njoo hapa" na nesi umri wa mjukuu wake. Ugonjwa haujamfuta umri. Anaweza akawa anaongea na sauti zisizokuwepo na bado akajua vizuri sana kwamba kavunjiwa heshima.

Jioni tulipewa zoezi la kuandika mazungumzo kwa safu: alichosema mgonjwa, nilichosema mimi, nilichokuwa najisikia wakati huo. Hiyo safu ya tatu inauma. Fanyeni hata bila kozi, daftari tu na ukweli.

Sasa Jumapili. Mwezeshaji mwingine, kijana, msomi, anajua vitu vyake sikatai, ila slaidi zile ni za nje na hakuzigusa hata kidogo. Alitufundisha SOLER ya Gerard Egan, ule mwongozo wa jinsi ya kukaa unapomsikiliza mtu: keti ukimwelekea mgonjwa, usifunge mikono, inama mbele kidogo, mtazame machoni, tulia. Machoni? Binti wa miaka ishirini na tatu amkodolee macho babu wa Kilwa? Tuliuliza, akasema ndo mwongozo unavyosema. Ukifika kwenye kupima fikra za mgonjwa, pale unapompa methali akupe maana, slaidi ilikuwa na ya Kizungu ya watu wanaokaa kwenye nyumba za vioo wasirushe mawe. Bana, Waswahili tumekosa methali? Mpe "haba na haba hujaza kibaba", mpe "mficha uchi hazai", akishindwa hizo angalau unajua kinachoshindikana sio uzungu.

PHQ-9, lile dodoso la kupima sonona, ilifundishwa vizuri kihesabu: maswali tisa, wiki mbili zilizopita, kila swali sifuri mpaka tatu, jumla ishirini na saba, kumi na kuendelea unaanza kushtuka. Lakini mazoezi yake tulisomeana kama makarani wa sensa, tik tik tik, mpaka swali la tisa la mawazo ya kufa nalo likapita na tik yake. Hilo ndo swali lililohitaji mafunzo yote ya Jumamosi! Alichosema sahihi, na wengi bado hawaamini, ni kwamba kumuuliza mtu kuhusu kujiua hakumpandikizii wazo, kwa hiyo uliza waziwazi. Ila sheria hakuigusa. Kwetu kujaribu kujiua bado ni kosa la jinai, wakati Kenya Mahakama Kuu ilishasema Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinakiuka katiba, na nesi yeyote wa mapokezi anajua matokeo yake, ndugu wanakuapia kwamba sumu ya panya ilinywewa kwa bahati mbaya. Utafanyaje tathmini ya kweli hapo, uandike nini kwenye faili, hilo ndo nilitaka nifundishwe.

Fomu yao ya historia ya kijamii nayo ina nafasi ya "hali ya kiuchumi", mstari mmoja. Haina mikopo kausha damu, haina kwamba kabla ya kuja kwetu kapita kwa mganga na kwa maombi na kote kalipa. Ndugu wanaojibu kwa niaba ya mgonjwa wametajwa kwa sentensi moja, "waombe watoke". Haya, muombe shangazi mtu atoke uone. Yule mama wa Jumamosi alikuwa ameshatupa njia wakati wa chai tu: waahidi ndugu dakika zao peke yao baadaye, na uwape kweli, watatoka wenyewe.

Chakula wali maharage na samaki, kizuri. Kiyoyozi kikali, beba mtandio. Cheti wanasema kinakuja kwa imeili.

Kwa nyota, Jumamosi tano, Jumapili mbili na nusu. Kama uko wadi ya kawaida au kliniki ya wajawazito nenda tu, utatumia kesho yake, kama tayari uko kitengo cha akili waulizeni kama mnaweza kulipia siku moja, mimi niliuliza wakasema "tutaangalia".