TAHADHARI: Mafuta ya "kutoa kichocho" yanayouzwa mialo ya Ziwa Albert

Ndugu zangu wa Panyimur, Wanseko, Butiaba mpaka Ntoroko, na nyinyi mnaovuka kutoka Mahagi kuja sokoni, someni hii, na mumsomee na asiyejua kusoma.

Kuna jamaa anazunguka mialoni siku za soko na gari dogo lenye kipaza sauti. Anauza chupa ya mafuta ya kahawia kwa shilingi elfu thelathini. Anadai ni mimea mitupu, na kwamba yanatoa kichocho, safura, tegu, hata malaria. Mezani ameweka mtungi wa kioo wenye minyoo mirefu myeupe, eti imetoka kwa mgonjwa wa kichocho aliyekunywa mafuta yake.

Mtungi huo ndio unaomuumbua. Nimeutazama kwa karibu: minyoo yenyewe ni minene kama penseli, imechongoka ncha zote mbili. Hiyo ni minyoo ya kawaida ya tumboni, ya mtu au ya nguruwe. Mnyoo wa kichocho cha tumbo, ambacho ndicho cha huku ziwani, ni mwembamba kama uzi, hauzidi sentimita mbili, na haukai ndani ya utumbo penye chakula. Unaishi ndani ya mishipa ya damu kandokando ya utumbo, dume na jike wamekumbatiana. Kinachotoka chooni ni mayai, na hayo huonekana kwa darubini tu. Kwa hiyo hata uharishe mpaka uishiwe nguvu, mnyoo huo hautauona chooni.

Najua wapo watakaosema, "Mbona mimi nilikunywa nikaiona?" Mafuta kama ya mbono yanaharisha, hilo kila bibi analijua. Utumbo ukisukumwa hivyo hutoa ute mzito, na ute huo hutoka kama kamba nyeupe. Mtu analipa, anaona kamba, anaamini amepona, huku mayai yakiendelea kuharibu ini. Mwisho wake tumeuona wote huku ziwani: tumbo kujaa maji, mtu kutapika damu.

Kilichonisukuma kuandika ni mtoto wa jirani. Mama yake alimpa vijiko viwili asubuhi. Kabla ya adhuhuri alikuwa anatapika, anasinzia, anahema mbio, kisha degedege likamshika. Wakamkimbiza hospitali kwa boda. Namshukuru Mungu yuko hai. Chupa ile ilinuka mwarobaini waziwazi, na mafuta ya mwarobaini mtoto mdogo akiyanywa humfanya hivyohivyo. Madaktari wa India na Malaysia walikwisha kuandika habari za watoto wa namna hiyo, na wengine walikufa. Mafuta ya mkaratusi nayo yakimezwa huleta degedege.

Sizipingi dawa za mimea. Dawa mseto ya malaria tunayopewa vituoni chimbuko lake ni mmea wa artemisia. Mafuta ya nazi na mwarobaini yamejaribiwa Kenya kwa kupakwa miguuni penye funza. Lakini kupaka mguu na kumnywesha mtoto ni mambo mawili mbalimbali. Hata mafuta ya mmea uitwao kenopodio, ambayo mwanzoni mwa karne ya 20 yaliua safura kweli, madaktari waliyaacha kwa sababu kipimo cha kumuua mnyoo kilikaribiana mno na cha kumuua mgonjwa.

Huyu jamaa anapata wateja kwa sababu vidonge vya prazikwanteli, ile dawa ya kichocho ya vituoni, vinaogopwa. Ni vikubwa, vichungu, na vinaleta kizunguzungu na maumivu ya tumbo, hasa kwa mwenye minyoo mingi. Kula ushibe kwanza, kisha umeze, mateso yanapungua. Ile fimbo ya kupimia urefu wa mgonjwa ndiyo inayoonyesha umeze vingapi, kwa hiyo usikadirie mwenyewe. Kwenye vituo vya serikali hulipii hata shilingi.

Aliyekwisha kumnywesha mtoto asimtapishe kwa nguvu. Ampeleke kituoni mara moja, na chupa aende nayo. Lebo yake haina namba ya usajili ya NDA, mamlaka ya dawa ya Uganda, wala tarehe ya mwisho wa matumizi, wala anwani ya mtengenezaji. Msiimwage iliyobaki: mpelekeeni mkaguzi wa dawa wa wilaya. Mwenye picha ya gari lile naye aipeleke kwake au polisi, asiibandike hapa, maana muuzaji akijua anatafutwa atahamia mwalo mwingine.