Sauti za Busara, Zanzibar: kata tiketi ya siku zote, alafu ingia mapema

Kila ikikaribia mwisho wa mwaka watu wa Dar wananiuliza kama Sauti za Busara, lile tamasha la mziki, kweli inastahili nauli ya boti na hela ya kulala, maana mziki si tunao huku huku kila kona. Jibu langu ndio, inastahili, tena kata tiketi ya siku zote usikate ya usiku mmoja. Ila kuna namna ya kulienda hili tamasha na wengi hawaijui, wanafika saa nne usiku wanasikiliza bendi mbili kubwa wanapiga picha wanarudi kulala, kesho wanasema mbona kawaida tu.

Kwa ambae hajafika, linafanyika Ngome Kongwe pale mbele ya bustani ya Forodhani, ile ngome waliyojenga Waarabu wa Oman baada ya Mreno kufukuzwa, kuta nene na juu kuko wazi, kwahiyo unacheza chini ya nyota. Ndani kuna jukwaa kubwa na kuna jingine dogo, bendi moja ikimaliza huku nyingine inaanzia kule, hukai ukasubiri watu wapange vyombo. Na kila kitu ni laivu, hapa hamna msanii kupanda na flashi akaimba juu ya wimbo wake mwenyewe, unapanda na bendi yako na vyombo vyako la sivyo hupandi. Hilo peke yake kwangu ni sababu ya kutoa hela, maana shoo ngapi huku kwetu tunalipa kiingilio alafu jamaa anashika maiki anaachia mashabiki waimbe wenyewe huku redio inapiga nyuma?

Sasa kuhusu muda. Mziki unaanza jioni, kama saa kumi na moja hivi, na unaenda mpaka saa sita usiku imepita. Yale masaa ya mwanzo, jua bado linawaka na nafasi bado tele, ndo mara nyingi unakuta vikundi vya hapo hapo visiwani, na mimi naona ndo utamu wenyewe wa tamasha. Bendi kubwa ya kutoka Afrika Kusini au Mali unaweza kuisikia kwenye simu, ila kidumbak utakikuta wapi kama hujaalikwa harusi ya Unguja? Vigoma viwili vidogo vya mkono, fidla inalia juu, alafu besi inatoka kwenye sanduku, yani boksi la mbao kweli lenye fimbo na kamba, mtu anaivuta kamba ile kiuno hakikai. Mara ya mwisho nlikaa karibu na bibi mmoja wa Kikwajuni aliekuja na wajukuu zake, akaniambia "mwanangu, njoo ukae huku, huko kwenye spika utaziba masikio bure", basi tukakaa wote na kila kikundi akinitajia huyu mpiga fidla mtoto wa nani na kajifunzia wapi. Maelezo ya namna ile saa nne usiku huyapati, saa hizo watu wameshajaa na kila mtu kanyanyua simu juu.

Taarab nayo ninalo la kusema. Mji huu una vikundi vya taarab vya zamani, Nadi Ikhwan Safaa tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958, hapa ndo alipoimba Bi Kidude mpaka uzeeni kabisa, amefariki 2013 na jukwaa hili hili alishalipanda. Kwa historia hiyo mimi natamani taarab ipewe muda mrefu, sio muda ule ule kama bendi nyingine, maana wimbo mmoja tu wa taarab asilia, vyombo vya nyuzi kama kanuni na udi vinataka dakika zake kabla mwimbaji hajafungua mdomo, na watu wanataka nafasi ya kwenda kumtunza mwimbaji hela taratibu. Ukiibana inakuwa sio yenyewe. Ni maoni yangu na nayasema kwa mapenzi.

Bei. Mtanzania analipa chini kuliko mgeni wa nje, tofauti ni kubwa, kwahiyo beba kitambulisho na usimwachie mtu mwingine akukatie kwa bei ya watalii. Wapo wanaolalamika kwamba hata hiyo ya kwetu imechangamka. Nawaelewa, ila hesabu vizuri, gawa tiketi ya siku zote kwa idadi ya bendi utakazozisikia, alafu linganisha na kiingilio cha shoo moja ya msanii mmoja ukumbini Dar. Na tukumbuke 2016 tamasha halikufanyika kabisa, hela za wafadhili hazikutimia, likarudi 2017. Mwaka ule watu walibaki kununa mitandaoni, hoteli na madereva wakapoteza msimu. Tiketi zetu peke yake haziendeshi kitu kikubwa kama hiki lakini zinasaidia, na ukumbi ukijaa Waswahili wenyewe hata huyo mfadhili anaona lina wenyewe.

Kulala sasa, hapo kuwa makini. Kuna nyumba moja ya wageni ndani ya Mji Mkongwe, jina naliacha, nliwapigia mapema tukakubaliana bei, kufika na begi langu naambiwa hiyo ilikuwa bei ya kawaida, wiki ya tamasha ni nyingine. Nkatoka zangu nkavuka barabara nkapata chumba kisafi Ng'ambo, yani upande wa nje ya Mji Mkongwe, kwa bei ya kibinadamu, na ni kutembea tu mpaka Ngome. Kwahiyo angalia Michenzani, Kikwajuni, Kariakoo ya huko huko Unguja, na makubaliano yawe kwa maandishi, hata meseji inatosha. Kula, pale Forodhani uliza bei kabla hujashika mshikaki, na kama unataka urojo wa maana ingia mitaani.

Jambo kubwa zaidi kwa wanaopanga safari ni tarehe. Tumezoea tamasha ni mwezi wa pili, lakini Ramadhani inarudi nyuma kila mwaka, kwa hesabu ya kalenda ya 2027 inaanza mwanzoni mwa Februari na ya 2028 mwishoni mwa Januari. Tangu tamasha lianze 2004 hawajawahi kukutana na hali hii, na Zanzibar mwezi mtukufu huwezi kuweka spika mbele ya Forodhani, wala haipendezi. Kwahiyo usikate boti kwa mazoea, subiri tarehe itangazwe. ZIFF, lile tamasha la filamu, walishapita njia hii, 2014 walitangulia wakafanya mwezi wa sita kabla mfungo haujaanza, mwaka uliofuata wakasubiri mfungo uishe ndo wakaanza. Inawezekana vizuri tu.

Na kama Busara imekupita, ZIFF yenyewe usiidharau, ipo tangu 1998, filamu zinaonyeshwa hapo hapo Ngome Kongwe na tuzo yao kubwa ni Jahazi la Dhahabu. Nayo tarehe inahama, miaka ya karibuni imecheza kati ya mwezi wa sita na wa nane. Ukiweza ipange safari yako iguse na Mwaka Kogwa, ile sherehe ya mwaka mpya wa jadi, kule Makunduchi mwezi wa saba. Ule sio wa tiketi, ni mwaka wa watu wenyewe, wanaume wanachapana na mapande ya mgomba kumaliza vinyongo vya mwaka, kibanda kinachomwa moto, kina mama wanapita wakiimba, na nyumba isiyopata mgeni siku ile inaonekana haina baraka kwahiyo ukikaribishwa chakula kubali, usianze kujivuta. Nenda umejistiri, kina dada beba kanga, na ukitaka kupiga picha ya mtu muombe kwanza.

Kwa Busara yenyewe natoa nyota nne na nusu, hiyo nusu iliyobaki naiweka kwa ajili ya taarab. Na ukikata boti ya kurudi usikate ya asubuhi baada ya usiku wa mwisho, kata ya mchana, maana usiku ule hamna mtu anaelala mapema.