Vipande vinne badala ya vinane

Pakiti kamili ya vizibo hivi vya masikio, vya kuvaa baharini, ina vipande vinane: viini viwili vyenye kitundu cha kupitishia sauti, na ncha za silikoni jozi tatu, yaani ndogo, za kati na kubwa. Mimi niliuziwa vipande vinne kwa bei ya vinane. Ndiyo maana naanza na nyota moja.

Duka liko Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, jina lake silitaji. Muuzaji alikuwa amekwisha kuzirarua pakiti zote na kuzitenga ncha kwa saizi ndani ya vibakuli. Ilikuwa msimu wa kusi, katikati yake au karibu na mwisho. Nilimwambia cha kulia kimekaa vizuri ila cha kushoto kinacheza, nikaomba ncha moja kubwa. "Kaka, sikio ni sikio. Watu wote wanavaa cha kati." Nikasema nitailipia. Akajibu kwamba akinipa moja, ile iliyobaki atamuuzia nani? Akarudi kwenye simu yake. Hilo swali lake linaniuma mpaka leo, kwa sababu jibu lilikuwa kwenye pakiti aliyoirarua mwenyewe. Ncha zinatengenezwa saizi tatu kwa kuwa masikio ya watu hayalingani, na hata matundu mawili ya mtu mmoja yanaweza kutofautiana. Wapo wanaohitaji ya kati upande huu na kubwa upande wa pili.

Kwa wasiojua kwa nini mwendesha kaiti, yaani anayesimama kwenye kibao na kuvutwa juu ya maji na tiara kubwa, aijali ncha ya silikoni: tundu la sikio ni mfereji wa sentimita mbili na nusu hivi, na mwisho wake kuna ngoma yenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukianguka ubavu kwa kasi, maji yanaufunga mlango wa mfereji kama kiganja kinavyokupiga kibao cha sikio. Hewa iliyo ndani inakosa pa kutokea, inaisukuma ngoma, ngoma inapasuka. Maji tambarare ndiyo mabaya zaidi. Maji ya kuchafuka yamejaa hewa na mabonde, hayagongi sikio lote kwa pamoja. Paje mwamba unavunja mawimbi mbali, maji yakipungua ndani kunakuwa kama kioo, na kila mtu anakuja kwa ajili ya kioo hicho. Hicho hicho ndicho kinachopasua masikio.

Upande wa kuumia nao una mantiki yake. Kwa kusi, ukitazama bahari upepo unatoka kulia. Ukiwa unarudi ufukweni, bega la kushoto ndilo linalotangulia, na uso umeuelekea upande upepo unakokwenda. Ukingo wa mbele wa kibao ukinasa kwenye maji, unarushwa kifudifudi na shavu la kushoto linafika kwanza. Kwa kaskazi ni kinyume, kurudi ni hatari ya sikio la kulia. Kwa hiyo yule anayevaa kizibo kimoja tu, upande "unaomsumbua", ajue upepo ukigeuka na hatari imehama.

Mimi ukingo ulininasa nikirudi. Kizibo cha kushoto kilikwishatoka. Maumivu ya kuchoma, mlio, halafu kizunguzungu.

Hicho kizunguzungu nikizungumzie, maana ndicho kinachoweza kuua, sikio lenyewe haliui. Ngoma ikitoboka, maji yanaingia sikio la kati. Maji ya huku tunayaona ya moto, lakini yako chini ya joto la mwili kwa nyuzi kumi hivi, na hizo nyuzi zinatosha kukichanganya kiungo cha mizani kilicho ndani. Hujui juu ni wapi. Ukivuta baa, ile fimbo ya kuongozea kaiti, kwa hofu, kaiti inapata nguvu na kukuburuta. Kwa hiyo achia baa iteleze mbali nawe. Kaiti isipotulia, sukuma kifunguo cha dharura kilicho juu ya kitanzi cha hanesi, ule mkanda wa mwilini unaokuunganisha na kaiti, usisubiri. Fulana ya kuelea ikuinue, kisha kaza macho kwenye kitu kimoja kisichotikisika, mnazi au paa la hoteli. Maji yaliyoingia yakishapata joto la mwili, dunia inaacha kuzunguka, kwa kawaida baada ya dakika moja au mbili. Na kama maji ni ya kiunoni, piga magoti kwanza, kusimama haraka kutakuangusha tena.

Sasa niseme kitu ambacho kinanipunguzia hasira dhidi ya kizibo chenyewe. Siku ile ile nilianguka mara tatu au nne upande wa kulia, moja vibaya kabisa, na sikio la kulia halikupata kitu. Ncha ilikaa na sauti ilipita: nilisikia upepo, nilisikia kibao, nilisikia mtu akiniita kwa nyuma. Kizibo kigumu kisicho na kitundu hakikupi hilo, na uziwi ukiwa kwenye maji yenye kaiti 60 ni balaa la aina nyingine. Kwa hiyo bidhaa inafanya kazi. Nyota nne kwa kizibo. Aliyeniuzia ndiye hana hata nusu.

Ila tena, hapana, nne ni nyingi. Kile kikamba kinachounganisha vizibo viwili ni kosa la mtengenezaji. Ukivaa helmeti, kinapita chini ya mkanda wa kidevu. Kila ukigeuza shingo kutazama kaiti, mkanda unakivuta. Unageuka mara ngapi kwa saa moja? Kila mvuto unakichomoa kizibo kidogo, labda nusu milimita, mpaka mwisho kinaning'inia mdomoni mwa tundu. Ncha iliyojaa vizuri inastahimili mvuto huo, iliyo ndogo haistahimili. Ndivyo cha kushoto kilivyotoka. Kikate kikamba, au kipitishe nyuma ya kisogo na ukifunike kwa utepe wa neopreni, ule mpira laini wa suti za baharini. Usikiache mbele.

Utepe huo, kwa maoni yangu, una thamani kuliko helmeti ghali. Fundi cherehani yeyote anaweza kuushona kutoka kwenye suti kuukuu ya kuogelea ya milimita 2 au 3. Pima mzunguko wa kichwa juu ya masikio, punguza sentimita 3 ili ubane, upana uwe sentimita 8 au 9, ashone kwa mshono wa zigizaga, vinginevyo uzi utakatika ukivutika. Unashikilia kizibo, unapunguza makali ya kofi la maji, na upepo hauingii sikioni. Helmeti nazo, zile za kukodi, tazama pedi za masikio kabla hujafunga mkanda. Nyingi zimetolewa kwa kuwa zinachelewa kukauka. Alama ya EN 1385 iliyo ndani, kiwango cha Ulaya cha helmeti za michezo ya maji, inahusu kugongwa kichwa, haisemi chochote kuhusu ngoma ya sikio. Pedi inayoacha nafasi kati yake na kichwa inateka maji kama kata, afadhali isiwepo. Inayolala vizuri na yenye matundu madogo ya kutolea maji ndiyo inayofaa.

Kuvaa kwenyewe karatasi ya maelekezo ingeniambia, kama ningepewa. Lowesha ncha kwa maji safi, si mate. Pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, mfereji unanyooka. Ingiza huku unazungusha polepole mpaka ukingo wa nje ulale sawa na sikio. Kisha fungua na kufunga taya mara kumi, tikisa kichwa. Kikisogea, ni kidogo kwako, badili ncha. Ukiona kinasukuma na kuuma, ni kikubwa. Kutoa: zungusha kwanza ili hewa iingie, ndipo uvute. Ukikichomoa kwa ghafla, ule ufyonzaji unaivuta ngoma.

Chumvi inaziba kitundu. Ukianza kusikia kana kwamba uko ndani ya pipa, usichokoe kwa sindano, utatoboa utando wa kizibo. Loweka kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, sabuni tone moja, dakika kumi, suuza, kausha kivulini kabla ya kufunga. Na hivi si vya kuzamia. Mita moja mbili ukianguka, sawa. Kuzama kwa makusudi usivae kizibo cha aina yoyote.

Kuhusu sikio lililotoboka nitasema kwa mkazo kwa sababu ushauri unaotolewa pwani ni wa hatari. Usitie mafuta ya kitunguu saumu. Usitie siki na spiriti, mchanganyiko ule unafaa kukausha sikio lisilotoboka tu. Usinunue matone yoyote duka la dawa kabla mtu hajatazama ndani kwa kifaa, kwani matone ya jentamaisini yanauzwa kama karanga, na yakipita kwenye tundu la ngoma yanaweza kudhuru sikio la ndani. Usipenge kamasi kwa nguvu. Ukioga, weka pamba iliyopakwa mafuta ya mgando mlangoni mwa sikio. Tundu dogo kwa kawaida linajifunga lenyewe ndani ya wiki kadhaa, mengine huchukua miezi miwili au mitatu, na lisipofunga kuna upasuaji wa kuweka kiraka. Baharini usirudi mpaka daktari wa masikio athibitishe limefunga. Kusikia vizuri peke yake si ushahidi.

Nimesoma tena nilichoandika na naona nimekisifu kizibo zaidi ya nilivyokusudia. Basi nyota tatu. Moja ya kikamba nimeikata. Nyingine ni ya mtengenezaji kukubali bidhaa yake iuzwe na watu wanaoirarua, ingawa hilo sina hakika kama ni haki kumlaumu yeye. Kwa mwenye duka nilirudi nikiwa na cheti cha daktari mkononi, si kwa kudai fedha, bali kumwomba aache kuzitenganisha pakiti. Alisema wateja wanapenda bei ndogo. Nilikumbuka kwamba mimi nililipa bei nzima, nikamwambia hivyo, akanyamaza.

Vile vibakuli bado viko pale kaunta. Ukifika, omba pakiti ifunguliwe mbele yako, uhesabu vinane.