PLOS ONE kwa mtafiti wa Moshi na Arusha: ada siyo kikwazo chenyewe

Mtu akimaliza kuchambua data pale hospitali ya KCMC au kule chuo cha Nelson Mandela, Tengeru, swali la kwanza huwa moja: PLOS ONE, lile jarida la sayansi linalosomwa bure mtandaoni, wanatoza kiasi gani kuchapisha? Akisikia ni zaidi ya dola 2,000 za Marekani kwa makala moja, anafunga kompyuta. Anafunga mapema mno. Ada ndiyo sehemu nyepesi ya safari hii, na makala nyingi kutoka huku kwetu hukwama mahali pengine kabisa. Kwa ujumla tunalipatia jarida hili alama nne kati ya tano, na sababu ya kukata hiyo moja iko mbele.

Tuanze na kinachouzwa. Jarida lilianza mwaka 2006 likiwa na msimamo wake: mhakiki haulizwi kama matokeo ni mapya sana au yanasisimua. Anaulizwa kama utafiti umefanywa sawasawa, takwimu zimechambuliwa inavyotakiwa, hitimisho halijavuka data, na maadili yamezingatiwa. Kwa mtafiti wa kanda ya kaskazini hilo ni jambo kubwa. Umerudia Lower Moshi kipimo kilichofanyiwa kazi Muheza ukapata jibu lilelile? Wanapokea. Umejaribu mbolea mbili kwenye kahawa ya Kibosho ukakuta hakuna tofauti? Wanapokea pia, mradi sampuli yako ilitosha kuonyesha tofauti kama ingekuwepo. Hapo penye sampuli ndipo wahakiki hushika koo. Weka hesabu ya ukubwa wa sampuli ndani ya sehemu ya mbinu, pamoja na makadirio uliyoanzia nayo, kabla hujaulizwa.

Sasa ada. PLOS, wachapishaji wa jarida hili, huangalia fedha za utafiti zimetoka wapi. Nusu au zaidi ikiwa imetoka kwenye taasisi ya nchi iliyo Kundi A la Research4Life, mpango wa kuzipa nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu, na Tanzania imo, ada hufutwa yote. Mradi ukiwa umelipiwa na mfadhili wa Marekani au Uingereza, msamaha huo haukuhusu, hata kama wewe ni mzaliwa wa Machame na chuo chako kipo hapohapo Moshi. Hapo utaomba msaada wa ada, na ombi hujazwa wakati wa kuwasilisha, siyo baada ya kukubaliwa. Wahariri na wahakiki hawaonyeshwi nani analipa na nani halipi, kwa hiyo usiogope kuomba. Usichukulie pia kwamba kila mchapishaji ana hesabu hiyohiyo: wanaofuata orodha ya Benki ya Dunia wanatuhesabu nchi ya kipato cha kati cha chini tangu Julai 2020, na kwao msamaha kamili unaweza kugeuka punguzo tu.

Kuwasilisha kwenyewe hufanyika kupitia mfumo wa Editorial Manager. Kabla mhariri hajaiona kazi yako, wafanyakazi wa ofisi huikagua, na makosa ya kizembe hurudishwa hapo. Ikisiri isizidi maneno 300. Mistari yote ya mswada iwe na namba zinazoendelea mwanzo hadi mwisho, zisianze upya kila ukurasa. Majedwali hukaa ndani ya mswada, lakini picha na grafu hupakiwa kama mafaili ya pembeni yaitwayo Fig1.tif, Fig2.tif na kuendelea, na maelezo ya kila picha huandikwa ndani ya mswada, chini ya aya inayoitaja kwa mara ya kwanza.

Hizo picha ndizo zinazowatoa watu jasho. Zinatakiwa kuwa za TIFF au EPS, kati ya nukta 300 na 600 kwa inchi, upana usizidi inchi 7.5 na urefu usizidi 8.75, faili lisifike megabaiti 10. Grafu iliyonakiliwa kutoka Excel na kubandikwa kwenye Word imeshapoteza ubora, na kuibadilisha jina kuwa .tif hakuiponyi. Unaweza ukaipandisha kutoka nukta 96 hadi 300, ukapata ukungu uleule kwa ukubwa mpya. Itoe upya kwenye programu iliyoichora. Kwenye R, programu ya takwimu, amri ya tiff ukiipa res=300 na compression="lzw", faili lililokuwa la megabaiti 15 hushuka hadi chini ya moja bila grafu kuharibika, na mtandao wa Tengeru ukiwa umechoka mchana, utashukuru.

Tufike sasa penye kikwazo chenyewe: tamko la data. Tangu mwaka 2014 PLOS wanataka data iliyozaa matokeo ipatikane kwa yeyote siku makala inapotoka, ama kwenye hifadhi za data za mtandaoni kama Zenodo au Dryad, ama ndani ya mafaili ya nyongeza. Ile sentensi tuliyoizoea, kwamba data itatolewa na mwandishi kwa atakayeomba, hapa haipiti. Wakati huohuo cheti cha maadili cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kinakutaka uombe ruhusa ya kuchapisha, na data za afya zinazopelekwa nje ya nchi zina mkataba wake wa uhamishaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo ipo kazini tangu Mei 2023. Mtafiti anajikuta katikati ya mafahali wawili: jarida linasema weka wazi, kibali kinasema ngoja.

Mlango upo, ila lazima uugonge mapema. PLOS hukubali data kufungwa endapo kuna sababu ya kisheria au ya kimaadili, kwa sharti kwamba utaje ni nani aliyeweka kizuizi na utoe anwani ya ofisi, siyo ya mwandishi, ambako mtu ataomba. Kamati ya maadili ya chuo au ofisi yake ya utafiti inafaa. Wanakataa jina la mwandishi kwa sababu watu huhama, hustaafu na hufariki, na data hupotea nao. Kwa hiyo pata kwanza barua fupi ya ofisi hiyo kwamba imekubali kupokea maombi. Kwa wanaofanya kazi za wanyamapori, vibali vyao ni vya COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori) pale Njiro, na hoja ni ileile: ukiweka hadharani nukta za GPS za faru unamwelekeza jangili njia. Futa au punguza usahihi wa nukta hizo, kisha ueleze kwenye tamko kwamba umefanya hivyo na kwa nini.

Namba ya kibali cha maadili na jina kamili la kamati iliyokitoa viandikwe kwenye mbinu. Kuandika tu "kibali kilipatikana" hakutoshi. Sema ridhaa ilichukuliwa kwa maandishi au kwa mdomo, na kwa watoto ilitolewa na nani. Ruhusa ya NIMR ya kuchapisha iombe mswada ukiwa umekamilika, kabla ya kupakia, maana kuisubiri ukiwa na tarehe ya mwisho ya marekebisho ni kujitafutia presha.

Ukishavuka ukaguzi, mswada unakwenda kwa mhariri wa taaluma, naye ndiye anayetafuta wahakiki, kwa kawaida wawili. Wahakiki wanajua majina yenu, ninyi hamjui yao isipokuwa wakichagua kusaini. Hapa mwendo ni wa kinyonga. Wahakiki hawalipwi, wengi hukataa mwaliko, na mhariri anaweza kualika watu kumi kabla hajapata wawili. Miezi mitatu hadi sita siyo ajabu. Hali ya mswada isipobadilika wiki nyingi, barua moja ya heshima kwa ofisi ya jarida inatosha. Kuupeleka jarida la pili huku la kwanza halijajibu ni kosa la kimaadili, na hugundulika, kwa sababu wahakiki wa fani moja ni walewale.

Marekebisho hurudishwa kwa mafaili matatu: majibu kwa wahakiki, mswada unaoonyesha mabadiliko, na mswada safi. Nakili kila hoja, jibu chini yake, taja namba ya mstari. Usipokubaliana na mhakiki, sema hukubaliani na utoe sababu. Kuruka hoja kimyakimya ndiko kunakowaudhi.

Alama iliyokatwa: PLOS ONE hawahariri lugha ya makala iliyokubaliwa. Ulichoandika ndicho kitakachotoka, pamoja na jedwali la pili linalojiita la tatu. Kwa ada ya namna hiyo ni ubahili. Mpe mswada mtu wa nje ya timu ausome wote kabla ya toleo la mwisho. Na jina kubwa siyo kinga: mwaka 2022 jarida hilihili lilitangaza kuondoa makala zaidi ya 100 kwa sababu mapitio yake yalikuwa yamechezewa. Angalau lilitangaza.

Kama wasomaji unaowataka ni maofisa wa wilaya na walimu wa vyuo vya hapa nchini, Tanzania Journal of Health Research au Tanzania Journal of Science, yote yako AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika, yanaweza kukufaa zaidi. PLOS ONE hupokea Kiingereza tu, lakini inaruhusu tafsiri iambatanishwe kama faili la nyongeza. Andika ikisiri ya Kiswahili, iite S1 File, na mwenyekiti wa kijiji kule Hai uliyemhoji atakuwa na kitu cha kusoma.