Bledi ya nyuma, futi 6: nzuri, ila si kwa murram kavu

Ni bamba la chuma linalofungwa nyuma ya trekta. Kwa kusawazisha udongo uliolegea, haina shida. Kwenye ardhi ngumu huteleza tu: ni nyepesi, kilo 150 hivi, na haidroliki ya matrekta mengi hunyanyua, haikandamizi chini. Ili ikate, refusha mkono wa juu wa kati unaoiunganisha na trekta, makali yaelekee mbele. Geuza bledi nyuzi 30, kisha shusha upande mmoja kwa fimbo ya kurekebishia iliyo kwenye mkono wa kunyanyulia wa trekta, kona ibebe uzito wote. Kilo 100 za mchanga juu ya fremu husaidia (zifunge kwa mnyororo, si kamba). Kata sentimita 3 kila mzunguko. Makali yakiwa butu hayakati tena. Fungua boliti uyapindue, utumie upande wa pili. Murram kavu? Tanguliza ripa (meno ya chuma ya kupasua ardhi), au subiri mvua.