Chakula cha kuwashukuru walimu: uzoefu wangu na huduma ya keteringi

Kwa miaka miwili mfululizo kamati ya wazazi imenikabidhi kazi ya kuandaa chakula cha mchana cha kuwashukuru walimu wetu. Tunakipanga karibu na Siku ya Walimu Duniani, 5 Oktoba, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 1994. Mara zote mbili tulikodi watu walewale wa keteringi.

Mwaka wa kwanza chakula kilikuwa kitamu, ila mpangilio ulituangusha. Mapumziko ni dakika 40, walimu ni 32, na meza ilisukumwa ukutani, kwa hiyo foleni ikawa ya upande mmoja tu. Mwalimu wa darasa la kwanza alifika wa mwisho kwa sababu alikuwa akiwasimamia watoto uwanjani. Alipomaliza kupakua, kengele ikalia. Akaifunika sahani yake kwa sahani nyingine, akaiweka juu ya kabati la madaftari, akarudi darasani. Iliniuma sana.

Niliwaeleza hayo waziwazi, na hapo ndipo waliponipendeza. Mwaka wa pili msimamizi wao, mama mmoja makini, alikuja kwanza kukiona chumba cha walimu, akaomba na ratiba ya zamu. Meza waliivuta katikati, watu wakapakua pande zote mbili. Waliokuwa zamu walifungiwa chakula chao mapema, kila kimoja na jina lake, kikahifadhiwa kwenye hotpoti. Ndani ya dakika 10 hivi kila mtu alikuwa amekaa anakula.

Jambo jingine ni usalama. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisiachwe kwenye joto la kawaida kwa zaidi ya saa 2, na cha moto kibaki juu ya nyuzi joto 60 za Selsiasi. Dada aliyekuwa akipakua alikuwa na kipimajoto, akakichovya kwenye kila chombo kabla ya kufungua meza. Nyie mnaotafuta keteringi, waulizeni hilo mapema.

Kasoro yao ni fomu ya oda. Inauliza idadi ya watu na basi. Hakuna pa kuandika mzio wala wasiokula nyama. Ilibidi nizunguke mwenyewe kuuliza, nikampata mmoja mwenye mzio wa karanga na wawili wasiogusa nyama kabisa. Na mkihesabu, msiishie kwa walimu: karani, mlinzi na wafanyakazi wa usafi wanakula pia. Mwaka wa kwanza niliwasahau, na mpaka leo najuta.

Nitawakodi tena. Nimewaomba tu waje kukagua upya, kwani chumba cha walimu kimehamia ghorofani na ngazi ni nyembamba, sijui yale mahotpoti makubwa yatapita vipi.