The Running Man (1987): uzoefu wangu na filamu ya wafungwa wanaouawa mbele ya kamera

Miongoni mwa filamu zote za mapigano ninazozipenda, hakuna aina inayonivuta kama ile ya wafungwa wanaolazimishwa kupigana hadi kufa huku taifa zima likiwatazama kwenye televisheni. Nimetazama nyingi za aina hiyo, zikiwemo The Condemned ya mwaka 2007, Death Race ya mwaka 2008 na Gamer ya mwaka 2009. Baada ya kuirudia The Running Man hivi karibuni, safari hii katika nakala safi yenye sauti yake ya asili, nimethibitisha kwamba hiyo kongwe ndiyo inayostahili kutazamwa kwanza, na kwamba ubora wake hautokani sana na misuli ya Arnold Schwarzenegger.

Schwarzenegger anaigiza Ben Richards, polisi na rubani wa helikopta katika Marekani ya kubuni ya mwaka 2017, ambako uchumi umeporomoka, chakula ni haba na serikali huwatuliza wananchi kwa vipindi vya televisheni. Anaamriwa kuwafyatulia risasi raia wenye njaa na wasio na silaha katika mji wa Bakersfield, anakataa, wenzake ndani ya helikopta wanamdhibiti kwa nguvu na mauaji yanafanyika bila yeye. Anatupwa katika kambi ya kazi ngumu ambako kila mfungwa huvishwa shingoni pete ya chuma yenye kilipuzi, kiasi kwamba anayevuka mpaka wa kambi hukatwa kichwa papo hapo. Richards anatoroka, anakamatwa tena, na picha za utoro wake zinamfikia Damon Killian, mwendeshaji wa kipindi kinachopendwa kuliko vyote, ambacho wafungwa huachiwa wakimbie katika magofu ya Los Angeles huku wawindaji wenye silaha za ajabu wakiwafuata mmoja baada ya mwingine. Killian anaona kwamba mtu wa namna hii atapandisha idadi ya watazamaji, na kuanzia hapo sheria na mahakama hazina neno tena.

Kinachoifanya filamu hii iwe na uzito ni mkanda wa Bakersfield. Sisi tumeliona tukio lenyewe mwanzoni kabisa, tumesikia amri ikitolewa na tumemwona rubani akikataa. Baadaye studio inauonyesha mkanda huohuo ukiwa umekatwa na kuunganishwa upya, kiasi kwamba sasa ni Richards anayeng'ang'ania kuua na wenzake ndio wanaojaribu kumzuia, na watu waliojaa ukumbini wanamzomea kwa chuki ya kweli, kwa sababu wameona kwa macho yao. Hakuna ngumi wala risasi katika filamu nzima iliyoniumiza kama dakika hizo chache, kwani mtu huyu ananyang'anywa kwanza jina lake, na ni baada ya hapo tu ndipo kifo chake kinapoweza kuuzwa kama burudani.

Jambo hilo halikuwekwa pale kama kiungo kidogo cha hadithi. Linarudi kila mara, tena kila linaporudi limekuwa baya zaidi. Amber Mendez, mfanyakazi wa kituo hicho cha televisheni ambaye ndiye aliyesababisha Richards akamatwe uwanja wa ndege, anasikia taarifa ya habari ikidai kwamba mtu huyo aliua watu pale uwanjani, naye alikuwepo na anajua kwamba hakuna aliyekufa. Shaka hiyo moja ndiyo inayomwongoza hadi kwenye mkanda halisi. Halafu wapo washindi wa msimu uliopita, Whitman, Price na Haddad, ambao hadhira huonyeshwa wakistarehe ufukweni kama zawadi ya ushindi wao, na ambao maiti zao Amber anazikuta ndani ya uwanja wa mchezo. Mwishowe, Richards anapokataa kufa kwa wakati unaotakiwa, kituo kinarusha pambano la kughushi ambamo sura zimepachikwa kwenye miili ya watu wengine, na nchi nzima inaamini kwamba ameuawa. Filamu hii ilitoka Novemba 1987, miongo mingi kabla mtu wa kawaida hajaweza kutengeneza video ya namna hiyo akiwa nyumbani kwake, na ndiyo maana kuitazama leo kunatisha kuliko ilivyotisha wakati ule.

Killian ameigizwa na Richard Dawson, na sidhani kama angepatikana mtu bora zaidi, kwa kuwa Dawson mwenyewe aliendesha mchezo wa televisheni uitwao Family Feud kuanzia mwaka 1976 hadi 1985, na anajua namna mwendeshaji anavyomshika bibi mkono, anavyombusu shavuni na kumfanya ajione malkia. Kuna tukio fupi ambalo naliona ni kipimo cha uigizaji wake. Anaingia katika jengo la kituo, anagongana na mzee anayepiga deki, anatabasamu kwa upole na kumwambia asijali, kisha hatua chache mbele, uso ukiwa umebadilika kabisa, anamwambia msaidizi wake kwamba mzee huyo akionekana hapo kesho, atakayeshika lile dekio ni msaidizi mwenyewe. Tunapomwona baadaye jukwaani akigawa zawadi kwa tabasamu lilelile, tayari tunajua thamani yake.

Hadhira nayo ni mhusika. Watu wa kila rika wanachagua ni mwindaji gani atumwe kwanza, wanabeti, wanashangilia damu. Mwindaji aitwaye Dynamo anaponaswa chini ya gari lake lililopinduka, Richards ana nafasi ya kummaliza na ukumbi unampigia kelele afanye hivyo, lakini anakataa kumuua mtu asiyeweza kujitetea. Hasira ya watu wale kwa kunyimwa kifo ina historia ndefu. Katika barua yake ya 7 kwa Lucilius, mwanafalsafa Seneca alieleza maonyesho ya mchana huko Roma, ambako waliohukumiwa kifo walipambanishwa bila kofia ya chuma wala ngao, na akasikitika kwamba watu wengi waliyapenda hayo kuliko mapambano ya wapiganaji wenye ustadi. Wala si lazima kurudi Roma. Katika gereza la Angola, jimboni Louisiana nchini Marekani, wafungwa wamekuwa wakicheza mbele ya umma na mafahali tangu miaka ya 1960, na mchezo mmojawapo huwaketisha watu wanne mezani, fahali anafunguliwa, na anayebaki kwenye kiti chake mwisho ndiye mshindi.

Kasoro zake haziwezi kufichwa. Wawindaji wengi wamevalishwa mavazi ya kuchekesha, na kila mmoja anapokufa, stelingi hutoa mzaha unaofuta uzito wa kifo hicho. Kundi la wapinzani wa serikali limechorwa juujuu tu. Kinachonisumbua zaidi ni mwisho wake: ukweli unarushwa hewani, na watu walewale waliomzomea Richards sasa wanashangilia Killian anapouawa mbele yao, nayo filamu inatutaka tushangilie pamoja nao, kana kwamba haioni kuwa hadhira haikubadilika, bali imebadilishiwa tu mtu wa kufa.

The Condemned ililiona tatizo hilo na ikajaribu kulisema waziwazi. Tajiri mmoja ananunua wafungwa 10 waliohukumiwa kifo, anawafunga mabomu mguuni na kuwaachia kisiwani, ambako wana saa 30 hadi abaki mmoja, huku yeye akirusha kila kitu mubashara kwenye intaneti na kuota watazamaji milioni 40. Steve Austin, mcheza mieleka, ana utulivu unaomfaa Jack Conrad, mmoja wa wafungwa hao. Hata hivyo, wakati mwanamke aitwaye Rosa anateswa mbele ya mumewe aliyefungwa, na mafundi mitambo wanaanza kushindwa kutazama, kamera ya filamu yenyewe haigeuki, na hotuba ya mwandishi wa habari inayokuja baadaye kutulaumu sisi watazamaji inakosa haki ya kutulaumu. Death Race haina hotuba, na kwa hilo naiheshimu: mfanyakazi wa kiwanda kilichofungwa anasingiziwa kumuua mkewe kwa sababu tu gereza la kibiashara linahitaji dereva wa mashindano yake ya magari ya kuuana. Gamer ina wazo zuri, la wafungwa wanaoendeshwa na wachezaji wa gemu kama vikaragosi, lakini picha zake zinatikisika hadi macho yanauma.

Kwa atakayeitafuta The Running Man, ina dakika 101 na haifai watoto, kwa sababu ya damu na lugha yake. Namshauri aepuke nakala zenye msimulizi anayeongea juu ya sauti ya asili, hata kama msimulizi huyo ni hodari, kwani sehemu kubwa ya ubaya wa dunia ile imo kwenye sauti za kituo chenyewe: matangazo, makofi, na kile kipindi kingine ambacho mtu hupanda kamba akichuma noti huku mbwa wakali wakimsubiri chini. Nimeipa nyota nne kati ya tano, na ile moja imekatwa kwa ajili ya makofi yanayopigwa Killian anapokufa.